"Mzuri", "Mwema" au "Bora"? Kuchagua Kivumishi cha Sifa za Wahusika

Mwanafunzi, unapoulizwa ueleze sifa za Amani katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, usiandike: "Amani ni mtu mzuri." Mtahini atabaki akijiuliza: ana sura ya kupendeza? Ni mwadilifu? Ni mchapakazi?

Kosa hili aghalabu huletwa na kivumishi cha Kiingereza "good". Neno hilo moja husifu tabia ya mtu, ubora wa kitu, ustadi wa fundi na hata utiifu wa mtoto. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kazi hiyo. Yatazame.

(a) -ema
Husifu hasa tabia na nia: mtu mwema, watu wema, nia njema, matendo mema. Amani na Imani wanamlea Uhuru, mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni pa kibanda cha Amani. Hapa "mwema" linafaa, na "mwenye huruma" linafaa zaidi kwa kuwa linataja wema wa aina gani. Kumbuka pia kwamba -ema huweza kusifu kitu, kama katika methali: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

(b) -zuri
Kwa vitu na mambo hutumika kwa upana: chakula kizuri, wazo zuri. Kwa mtu, humfanya msomaji afikirie sura kwanza. Ndiyo maana wahenga walionya: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

(c) bora
Huonyesha kiwango cha juu, na halichukui kiambishi cha ngeli: mtu bora, kazi bora, vitabu bora. Fikiria jina la Mtemi Nasaba Bora. Nasaba ni ukoo, lakini Mtemi huyu ndiye anayempiga Amani bila hatia. Jina linasifu, matendo yanakanusha. Hiki ni kinaya, nawe ukikitaja, eleza pande zote mbili.

(d) hodari, stadi
Husifu uwezo wa kufanya kazi. Hapa kuna mtego. Ukiandika, "Mwalimu Majisifu ni mwandishi mzuri," umemsifu kwa kazi isiyo yake, kwani mswada uliomletea sifa aliuiba kwa Amani. Sifa zinazomfaa ni "mwizi wa kazi za wengine" na "mnafiki".

Namna ya kujibu
Taja sifa moja mahususi, kisha itolee ushahidi kutoka kitabuni.

Jibu dhaifu: Amani ni mzuri kwa sababu anasaidia watu.

Jibu bora: Amani ni mwenye huruma. Anampokea mtoto aliyetupwa mlangoni pake na kumlea kwa ushirikiano na Imani, ingawa si wake.

Jibu la pili limezidi la kwanza kwa maneno machache tu, lakini lina sifa inayoeleweka na tukio linaloithibitisha. Sifa bila ushahidi haikamiliki.

Zoezi
1. Andika upya sentensi hii bila kutumia "mzuri": Imani ni msichana mzuri.
2. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya "mtu mzuri" na "mtu mwema".
3. Jadili kinaya katika jina la Mtemi Nasaba Bora. Toa hoja tatu, kila moja na ushahidi wake.