Mwendo wa Motokaa Katika Nchi ya Wenyewe

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike somo litakalowafaa wanafunzi wanaokaribia umri wa kupata leseni, au pamiti kama tunavyosema hapa Uganda. Nimechagua habari ya mwendo wa motokaa, na jinsi mgeni anavyokamatwa kwa ajili ya mwendo huo katika nchi isiyo yake. Wanafunzi wengi wa zamani wa shule yetu siku hizi huvuka mipaka. Wengine huenda Kigali na Nairobi kwa biashara, wengine wako masomoni Ulaya na hukodi motokaa wakati wa likizo. Mpakani hukaguliwa pasi, leseni na bima. Mazoea ya dereva hayakaguliwi na mtu.

Tuanze na kibao chenyewe. Ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na katikati pana namba. Kibao hiki hueleweka karibu dunia nzima, lakini kina jambo moja ambalo hakilisemi: namba hiyo ni ya nini. Kwetu Uganda, na Kenya, Tanzania na Rwanda, namba hiyo ni kilometa kwa saa. Uingereza ni maili. Kibao cha 30 cha mjini Uingereza ni sawa na kilometa 48, na mwendo wa mwisho katika barabara zao kuu, 70, ni karibu kilometa 113. Mgeni anayetoka huku akasoma 70 kwa macho ya kilometa atakuwa kikwazo barabarani tu. Lakini Mwingereza anayevuka bahari kwenda Ufaransa na motokaa yake, akaiona 50, akaifuata 50 ya saa yake ya mwendo, atakuwa anakwenda kilometa 80 katikati ya mji.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Mwaka 2024 nilisafiri na shemeji yangu kwenda Geita, Tanzania, kwenye harusi. Tulipita Masaka na Kyotera, tukavuka mpaka wa Mutukula, tukateremka hadi daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. (Wazee wanalikumbuka daraja hilo kwa habari za vita vya mwaka 1978, lakini hilo ni somo la mwalimu wa historia.) Shemeji ndiye aliyekuwa akiendesha. Motokaa ilikuwa Land Rover aliyoinunua kwa mtu aliyeileta kutoka Uingereza, na alikuwa nayo kwa muda wa wiki mbili tu. Ni dereva mwangalifu, tena ana miaka zaidi ya 20 barabarani. Tulipopita Muleba nilimwona kwa macho yangu akipunguza mwendo kila alipoona kibao cha 50, na kila mara akitupia jicho saa ya mwendo.

Mbele kidogo, katika kijiji ambacho sitakitaja, askari wa trafiki alitoka chini ya mwembe akatuonyesha mkono. Alikuwa kijana mwenye adabu.

“Shikamooni, wazee.”

“Marahaba,” nikaitikia mimi. Shemeji, ambaye Kiganda amekizoea kuliko Kiswahili, akajibu, “Nzuri.”

“Mzee, umepita hapa na 72. Hapa mwisho ni 50.”

“Si kweli, afande. Nilikuwa naitazama saa. Nilikuwa 45.”

Askari hakubishana. Akatuonyesha picha katika chombo chake: Land Rover yetu, namba zake, saa na dakika, na 72. Shemeji akasema chombo ni kibovu. Akarudia kwamba alikuwa 45, na mimi nilijua kwamba hasemi uongo, maana nilikuwa nimekaa karibu naye. Hapo nikainama nikaitazama saa ya mwendo vizuri. Namba kubwa za nje zilikuwa za maili. Za kilometa zilikuwa ndogo, za ndani, zimefifia. Maili 1 ni kilometa 1.609. Zidisha kwa 45, utapata 72.4.

Nikamweleza shemeji kwa Kiganda. Akanyamaza kabisa. Askari naye akaingiza kichwa dirishani, akatazama, akasema, “Basi mzee, hizi ni maili. Sisi huku maili tuliziacha zamani.”

Wanafunzi, hebu lifikirieni shauri hili kama mahakimu. Askari alisema kweli, na shemeji alisema kweli. Je, alipe au asilipe? Alilipa. Sheria ya mwendo haimwulizi dereva alidhani anakwenda kasi gani. Humwuliza alikwenda kasi gani. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, nayo kwa mahali penye makazi ya watu imeweka kilometa 50. Shemeji aliambiwa alipe faini ya shilingi 30,000 za Tanzania, au kama anapinga, aende mahakamani. Askari hakupokea fedha mkononi. Chombo kingine kilitoa karatasi yenye namba ya malipo, na kwa kuwa hatukuwa na laini ya simu ya Tanzania, tulikwenda kwa wakala kwenye kibanda cha jirani, tukampa noti, naye akatulipia kwa simu yake. Mgeni aangalie jambo hilo: karatasi yenye namba ndiyo ushahidi wake kwamba amemaliza deni.

Sasa chombo kile. Watanzania wanakiita tochi, na aliyekamatwa husema amepigwa tochi. Jina hilo limekifaa, maana kwa kawaida kinatumia mwanga, ingawa mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Mmesoma kwamba mwanga husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Tuseme motokaa iko mita 300 kutoka kwa askari. Mwanga unakwenda mita 300 na kurudi mita 300, jumla 600, kwa muda wa sekunde 2 zilizogawanywa mara milioni. Chombo kinapima muda huo na kujua umbali. Baada ya sehemu 3 za kumi za sekunde kinapima tena, na safari hii motokaa iko mita 294. Imesogea mita 6 kwa sekunde 0.3, yaani mita 20 kwa sekunde, na hizo ni kilometa 72 kwa saa. Kwa kweli hupima mara nyingi sana katika muda huo mfupi, lakini njia ni hiyo.

Kuna na chombo cha namna ya pili, rada, ambacho hakipimi umbali. Kinatuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi. Msingi wake ulielezwa na Christian Doppler, mtaalamu wa Austria, mwaka 1842, nanyi mnaweza kuusikia bila chombo chochote. Simameni mbali kidogo na barabara kuu wakati basi linapita likipiga honi. Linapokuja sauti ni nyembamba, likishapita sauti inakuwa nzito. Kadiri basi linavyokimbia ndivyo tofauti inavyozidi. Rada huisoma tofauti ya namna hiyo katika mawimbi yake, na kuigeuza kuwa namba ya mwendo.

Hapo zamani hapakuwa na vyombo hivyo. Tarehe 28 Januari 1896, huko Paddock Wood, Uingereza, Walter Arnold alipita na motokaa yake kwa mwendo wa maili 8 kwa saa mahali palipokuwa na ruhusa ya maili 2. Askari alimfukuza kwa baisikeli mpaka akamkamata, naye akatozwa faini ya shilingi 1 pamoja na gharama. Tena, kamera moja ya mwendo iliyoenea sana Ulaya haikubuniwa na polisi. Ilibuniwa na Mholanzi Maurice Gatsonides, dereva wa mashindano aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alitaka kujua anapita kwenye kona kwa kasi gani ili azidi kukimbia! Baadaye chombo chake kikawa adui wa wote wenye tamaa kama yake.

Turudi kijijini. Wakati wakala anashughulika na simu yake, kengele ya shule ya msingi ililia, na watoto wenye sare nyeupe na buluu wakatoka mbio, wakavuka barabara ile ile tuliyokuwa tumeipita. Shemeji aliwatazama kwa muda mrefu. Ndipo alipouliza swali ambalo hata mimi nalipenda kuliko yote: 45 na 72, tofauti yake hasa ni nini, kama breki ni nzima?

Nilimjibu kwa hesabu, nikaiandika nyuma ya ile karatasi ya faini. Dereva akiona mtoto mbele yake hachukui breki papo hapo. Macho, akili na mguu huchukua kama sekunde moja. Kisha breki nzuri kwenye lami kavu hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde, katika kila sekunde. Umbali wa breki ni mwendo zidisha kwa mwendo, kisha gawanya kwa 14.

Motokaa ya kilometa 50 inakwenda mita 13.9 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza inakula mita 13.9, na breki inakula mita 13.8. Inasimama baada ya mita 28, tuseme. Motokaa ya kilometa 72 inakwenda mita 20 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza inakula mita 20, na breki karibu mita 29. Inasimama baada ya mita 49.

Lakini hilo silo lililomshtua shemeji. Nilimwambia: weka mtoto mita 28 mbele. Motokaa ya 50 inasimama miguuni pake. Je, motokaa ya 72 ikifika pale pale inakwenda kasi gani? Imetumia mita 20 kabla breki haijashika, kwa hiyo imebaki na mita 8 tu za kupunguza mwendo. Ukifanya hesabu utaona bado inakwenda kilometa 61 kwa saa. Alidhani nitasema 22, kwa sababu 72 ukitoa 50 ni 22. Watu wengi hudhani hivyo, na ni kosa la kusahau kwamba mwendo unazidishwa kwa wenyewe. Karatasi ile aliichukua akaiweka katika mfuko wa shati, wala hakusema tena kwamba shilingi 30,000 ni nyingi.

Juu ya faini, nchi hazifanani. Tanzania shemeji yangu alitozwa kama angetozwa tajiri au maskini yeyote. Finland, tangu mwaka 1921, wana desturi nyingine: kwa makosa makubwa kidogo faini hupimwa kwa siku, na thamani ya siku hutegemea mapato ya mtu. Aliyezidisha mwendo kwa zaidi ya kilometa 20 huingia katika hesabu hiyo. Mwaka 2023 tajiri mmoja, Anders Wiklöf, alipatikana na mwendo wa 82 mahali pa 50 katika visiwa vya Åland, akatozwa euro 121,000. Sijui kama wenye mali wa Kampala wangeipenda sheria hiyo, lakini mimi naiona ina haki ndani yake, maana faini isiyomgusa mtu ni bei ya tiketi tu.

Kwa ninyi mlioko Ulaya, mkumbuke kwamba huko mara nyingi hamtaona askari wala mwembe. Kamera itapiga picha, nanyi mtaendelea na safari yenu kwa furaha. Italia, sheria inawaruhusu kumpelekea mkazi wa nchi ya nje barua ya kosa mpaka siku 360. Kama motokaa ni ya kukodi, mwenye motokaa hutoa jina la mkodishaji, na mara nyingi hukata ada yake mwenyewe kwa kazi hiyo, mbali na faini. Pia ziko kamera za jozi, moja hapa na nyingine mbele, zinazopima wastani. Kuminya breki mbele ya kamera na kukimbia baadaye hakusaidii. Zikiwa kilometa 10 mbalimbali na ruhusa ni 100, usifike ya pili kabla ya dakika 6. Ukitumia dakika 5, ulikwenda 120, hata kama ulipita mbele ya kila kamera kwa 90.

Kwa majirani zetu wa karibu, lililo kubwa zaidi ya namba ni upande wa barabara. Ukivuka Katuna kuingia Rwanda unahama kutoka kushoto kwenda kulia, na vivyo hivyo atokaye Tanzania kupitia Rusumo. Siku ya kwanza usijaribu kukimbia hata pale vibao vinaporuhusu; akili imeshughulika na upande, na ile sekunde moja ya kushtuka huwa ndefu zaidi. Kabla ya kuondoka, dereva wa motokaa iliyotoka Uingereza abandike kipande cha karatasi chini ya saa ya mwendo na kuandika: 31 ni 50, 50 ni 80. Shemeji amekwisha kufanya hivyo.

Zoezi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu: lori lililojaa mzigo linakwenda kilometa 80 kwa saa, na breki zake hupunguza mita 5 tu kwa sekunde katika kila sekunde. Litasimama baada ya mita ngapi? Mimi nimepata karibu 72. Anayepata namba nyingine ampelekee mwalimu wake wa fizikia, kisha wapime umbali huo pamoja katika uwanja wa mpira, kutoka goli moja kuelekea la pili.