Shamba la simuni halimwachi mwanangu

SWALI: Mwanangu hashiki jembe, lakini usiku anaamka kuvuna ngano kwenye mchezo wa simu wa Hay Day. Mwenyewe anakiri mchezo unachosha. Mbona hauachi?
Mama, Ujiji

JIBU: Mama, mchezo huo, uliotolewa na kampuni ya Supercell ya Finland mwaka 2012, umeundwa hivyo. Ngano hukomaa kwa dakika 2, mazao mengine kwa saa kadhaa. Kila mavuno huzaa kazi mpya, na simu humwita arudi. Kazi inachosha, ila aliyekwisha kupanda huona hasara kuacha. Zima arifa za mchezo, usiku simu ilale kwako. Kisha mpe shamba la kweli: usimwanzishie mchikichi, unaozaa baada ya miaka 3 hivi, bali mpe tuta la mchicha, huvunwa ndani ya mwezi. Ukiuzwa, pesa azishike mwenyewe.