Osha Motokaa Yako Chini, Si Juu Tu



Mvua zikiisha na mahindi yakiisha kuingia ghalani, kila mkulima mwema hufanya jambo moja bila kuambiwa na Bwana Shamba: hukwangua udongo katika jembe lake, huliosha, hulipaka mafuta kidogo, kisha hulitundika. Ajua kwamba jembe lililoachwa na udongo mbichi litaliwa na kutu. Lakini mkulima huyo huyo ana pikapu uani iliyobeba mbolea, ng'ombe, mahindi na watu tangu Machi, nayo huimwagia maji juu tu, ili ing'ae siku ya kwenda kanisani au sokoni.

Wazee waliopata mashamba Lugari katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, wengi wao walikuja na jembe na panga. Leo motokaa nayo ni chombo cha shamba, na bei yake ni kubwa kuliko ya majembe mia. Basi na tujifunze kuitunza.

KUTU HUTOKA WAPI?

Kutu yahitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Ukiongeza chumvi, kutu hufanya kazi yake upesi zaidi. Katika nchi za baridi kama Kanada na Uingereza, chumvi humwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya magari, na kwa sababu hiyo wenyeji huyaosha sana chini majira ya baridi yanapokwisha.

Sisi wa Kakamega hatuna theluji, lakini tuna chumvi yetu, nayo ni mbolea. DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia zina asili ya chumvi. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukipasuka, punje huingia katika nyufa za sakafu ya pikapu, huyeyuka kwa mvua, hushuka mpaka kwenye chasisi. Huko hukuta tope jekundu lililoshikamana na chuma. Tope hilo laonekana kavu kwa nje, lakini ndani hukaa na unyevu siku nyingi.

Nalijifunza jambo hili kwa aibu. Mimi na ndugu yangu tulinunua pikapu kuukuu. Kila Jumamosi niliiosha mpaka watoto wakawa wanajitazama mlangoni mwake. Chini sikuinama hata siku moja. Asubuhi moja nilikuwa nikimpeleka mama sokoni na kuku wake. Tulipoanza kuteremka kuelekea darajani nilikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka sakafuni. Nilirudisha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaliingiza gari katika ua wa miti kando ya njia. Fundi alipolala chini yake alinionyesha bomba jembamba la breki, lililokuwa limefunikwa na tope. Alipoligusa kwa kidole, likamomonyoka. Mama hakuumia, lakini hata leo hapandi gari langu mpaka ameniona nikiinama kutazama chini.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Chagua mahali. Usipeleke motokaa mtoni. Maji yenye oili na mbolea hunywewa na watu na mifugo walio chini yako, na Sheria ya Mazingira ya Kenya ya 1999 yakataza kuchafua maji kwa vitu vya sumu. Tafuta mahali palipo tambarare, penye majani, mbali na kisima. Fanya kazi asubuhi, au kivulini, maana jua kali hukausha sabuni juu ya rangi na kuacha mabaka.

2. Fagia kwanza, maji baadaye. Ondoa mbolea yote kwa ufagio ingali kavu, uiweke chomboni, uirudishe shambani. Usiikung'ute uani. Ng'ombe hupenda kulamba kitu chenye chumvi, na mbolea yaweza kumwua. Ikiwa ulibeba dawa ya kupe au ya magugu, vaa glavu, na usibebe maziwa wala chakula mahali hapo kabla hapajaoshwa vizuri.

3. Lowesha tope. Mwagia maji chini ya madigadi na pembeni mwa chasisi, ungoje kama dakika 20, kisha mwagia tena. Tope likilainika litatoka kwa brashi. Usikwangue tope kavu juu ya rangi, kwa maana mchanga uliomo hukwaruza kama msasa.

4. Safisha chini. Zuia magurudumu kwa mawe au magogo. Sikia vizuri neno hili: usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na watu wamekufa hivyo. Kama huna vigingi madhubuti vya chuma vya kuliegemeza gari, tumia brashi yenye mpini mrefu, nawe ukae nje. Sugua nyuma ya magurudumu na kwenye pembe zote ambamo tope hujificha. Chini ya kila mlango mna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti, ama sivyo mlango utaoza kutoka ndani.

5. Osha juu. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni laini, moja ya kusuuzia kitambaa. Anza juu ya paa, ushuke. Magurudumu yawe ya mwisho, na kitambaa chake kiwe mbali.

6. Radieta na betri. Ngoja injini ipoe kabisa. Mbegu za majani na wadudu huziba radieta. Waondoe kwa brashi laini na maji yasiyo na nguvu. Kwenye betri, fungua kwanza waya wa hasi. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo, usiuguse kwa mkono mtupu. Kausha, paka grisi kidogo, urudishe waya wa hasi mwisho.

7. Ndani. Toa mikeka yote uianike. Gusa sakafu iliyo chini yake. Ikiwa na unyevu, acha milango wazi mpaka ikauke, kwani sakafu nyingi hutoboka hapo.

8. Tazama, kisha tengeneza. Chuma kikiisha kukauka, tafuta madoa ya kutu. Yakwangue mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya kawaida. Usipake oili wala grisi kwenye breki au mipira. Ukiona bomba la breki lina magamba ya kutu, au mafuta ya breki yanapungua, usiendeshe, mwite fundi. Mwishowe paka nta juu ya rangi, ili maji yateleze.

9. Jaribu breki. Breki zilizoloa hazishiki vizuri. Endesha polepole mahali tambarare, ukanyage mara kadhaa zikauke, kabla ya kwenda penye mteremko.

Kazi hii ni ya siku moja, na gharama yake ni sabuni, nta na kopo dogo la rangi. Ifanye mara moja mvua zinapokwisha, na chini uoshe tena kila umalizapo kubeba mbolea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mbolea huharibu chuma upesi kuliko maji matupu?
2. Kwa nini mbolea iliyofagiwa isiachwe uani penye ng'ombe?
3. Ni hatari gani kulala chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake?
4. Inama leo chini ya madigadi ya motokaa yako. Umeona nini?