Majina ya Mahali Huko Uingereza

Majina ya Canterbury, York na Lambeth si mageni masikioni mwetu. Hutajwa kila mara katika habari za Kanisa, na wengine wetu tuliyasikia kwanza katika darasa la kipaimara. Ila ni wachache waliowahi kuuliza maana yake. Katika somo hili tujaribu kuyafungua machache.

Canterbury, kwa Kiingereza cha kale, ni boma la watu wa Kent. Lambeth, yaliko makazi ya Askofu Mkuu wa Canterbury, ni diko la wana-kondoo, yaani mahali waliposhushwa au kupakiwa chomboni kando ya mto Thames. Oxford ni mahali ng'ombe walipovuka mto. Kumbe ni majina ya wakulima na wafugaji tu, sawa na sisi tusemavyo Mbuyuni au Kisimani.

Lakini tujihadhari tusisome jina kwa sura yake ya leo. Mtu akiona Cambridge atasema ni daraja la mto Cam. Sivyo. Mto uliitwa Granta, na mji ukaitwa daraja la Granta. Jina la mji likageuka vinywani mwa watu kwa karne nyingi, na mwishowe mto ukapata jina jipya kutokana na mji! Nottingham nao ulianza kwa herufi S: ni makao ya watu wa bwana mmoja aliyeitwa Snot, neno ambalo kwa Kiingereza cha leo ni kamasi. Wanormani, waliotawala tangu mwaka wa 1066, ulimi wao haukuuweza mwanzo huo, na S ikaanguka. Bila shaka wenyeji wanawashukuru. Ndiyo sababu wachunguzi hutafuta kwanza maandishi ya zamani, hasa kitabu cha hesabu ya mashamba kilichoandikwa mwaka wa 1086 kwa amri ya mfalme William.

Majina huonyesha pia nani alifika na nani alikuwapo. Sinodi ya Whitby ilikutana mwaka wa 664, lakini siku zile mahali pale paliitwa Streanaeshalch. Jina la Whitby lililetwa baadaye na watu wa Denmaki, ambao kwao "by" ni kijiji.

Hapa tunafikia jambo zito zaidi. Kabla Waingereza hawajavuka bahari katika karne ya 5, nchi ilikuwa ya Wabritoni. Wale waliokuja wakawaita wenyeji "wealh", maana yake wageni, na baadaye neno hilo likawa na maana ya watumwa pia. Ndiyo asili ya jina la Wales, na ya vijiji kadhaa viitwavyo Walton. Mwenye nchi kuitwa mgeni na yule aliyemjia! Wenyewe huiita nchi yao Cymru, kutoka neno lenye maana ya watu wa nchi moja.

Tena, wengi wetu tulifundishwa kwamba Injili ilifika Uingereza pamoja na Augustino, mwaka wa 597. Karibu na Manchester uko mji uitwao Eccles. Jina hili latoka katika neno la Kilatini "ecclesia", yaani kanisa, lililopita katika lugha ya Wabritoni. Waingereza walipofika sehemu zile walilikuta na kuliacha kama lilivyo. Basi palikuwa na Wakristo kabla yao. Tena twajua kwamba maaskofu watatu wa Britania, mmoja wao wa York, walihudhuria sinodi ya Arles, Ufaransa, mwaka wa 314. Wakristo wa Eccles hawakuandikiwa historia yo yote. Jina ndilo lililobaki.

Lakini Eccles iliyoko Kent tusiihesabu pamoja na hiyo. Maandishi ya kale yaonyesha kwamba ile ni malisho ya mwaloni tu.