Kioo Cheusi cha Kipini: Je, Ni cha Kimondo?

Nimeokota kipande cheusi kinachong'aa hapa Kipini, karibu na mlango wa Mto Tana. Wazee wanasema kimetoka mbinguni. Ni kweli?

Kioo cha namna hiyo hakishuki na kimondo. Huzaliwa hapa hapa duniani. Kimondo kikubwa kinapogonga ardhi, joto lake huyeyusha mchanga na miamba papo hapo. Matone hurushwa juu, yakagandia hewani na kuangukia mbali. Huitwa tektaiti. Ila kwa kipande cha ufukweni, kwanza ningeshuku chupa iliyosuguliwa na mawimbi.

Afrika zipo?

Zipo. Kimondo kilichochimba ziwa Bosumtwi, Ghana, yapata miaka milioni 1.07 iliyopita, kilitawanya tektaiti hadi Côte d'Ivoire. Bahari yetu ya Hindi nayo ina zake: chembe zisizofika milimita moja, zilizopatikana kwenye matope ya kina kirefu, masalia ya mgongano wa miaka kama 790,000 iliyopita. Kwa macho matupu ufukweni hutaziona.

Nitaitofautishaje na obsidiani ya Naivasha?

Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana zote ni nyeusi na zote zikivunjika hutoa kingo kali kama wembe. Siri ni maji. Obsidiani ni lava ya volkano iliyopoa haraka, na ndani yake hubaki maji kidogo; maabara wakiichoma kwa moto mkali, hutoa povu na kuvimba. Tektaiti ilipata joto kali mno, karibu maji yote yakatoka, kwa hiyo haitoi povu. Msijaribu nyumbani: kioo kikipata moto hupasuka na kurukia macho.

Na radi ikipiga vilima vya mchanga vya Kipini?

Swali zuri kuliko yote! Radi huweza kuyeyusha mchanga ikaacha mrija wa kioo: nje unakwaruza kwa chembe za mchanga, ndani ni laini. Mimi ningekuwa Kipini, ningetafuta huo kabla ya tektaiti.

Nikipata kioo kwenye magofu ya Ungwana je?

Hicho huenda ni ushanga au chombo cha wafanyabiashara wa kale, na thamani yake iko mahali kilipolala. Kiacheni hapo, pigeni picha, kisha waarifuni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Magofu hayo yanalindwa na sheria ya mwaka 2006.