Gari Linakula Mafuta? Anza Kupima Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Wengi wetu tunajaza mafuta kwa fedha, si kwa lita. Unafika kituoni, unashusha kioo, unasema "weka ya elfu ishirini", unaondoka. Bei kikomo ya EWURA hutangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu ishirini ya mwezi huu huenda isikupe lita ulizopata mwezi uliopita. Halafu tunasema gari limeanza kula mafuta. Huenda ni kweli, huenda ni bei tu.

Kwa hiyo pima kwanza. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, usimruhusu mhudumu aongezee. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea kama kawaida yako mpaka ibaki robo tangi, kisha rudi kituo kile kile na ujaze tena mpaka ijikate. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili. Kilomita 300 kwa lita 30 ni kilomita 10 kwa kila lita. Iandike. Kila ukirekebisha kitu kimoja, pima tena kabla hujagusa kingine, la sivyo hutajua fedha yako ilifanya kazi wapi.

Gari langu ni Toyota IST ya CC 1,500, otomatiki, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Kwenye foleni za Mbagala lilikuwa halifiki kilomita 9 kwa lita. Plagi zilikuwa nzima, filta safi, hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. Kilichokuwa kinakula mafuta ni kitu ambacho hakikuwepo: themostati. Fundi mmoja aliyelihudumia zamani alikuwa ameing'oa. Nilipomuuliza fundi mwingine kwa nini wanafanya hivi, alinijibu kwa upole, "Bosi, nchi yetu hii ya joto, themostati ya nini?"

Jibu hilo utalisikia gereji nyingi, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, nyuzi 80 hivi na kuendelea. Joto la mchana la Dar ni nyuzi 32. Kwa injini, hiyo bado ni baridi kabisa. Ukiitoa themostati, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukishika barabara iliyo wazi upepo unayapoza zaidi. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, nayo inaongeza petroli, kama choki ilivyokuwa ikifanya kwenye magari ya kabureta. Oili inabaki nzito. Kwenye otomatiki nyingi gia ya juu kabisa nayo inacheleweshwa mpaka injini ipate moto. Unalipia mafuta hayo kila siku, na gari halikupi dalili ya wazi ya ugonjwa.

Kulijua tatizo hili si kazi ngumu. Kama dashibodi ina mshale wa joto, uangalie asubuhi ukiwa kwenye mwendo: ukigoma kufika karibu na katikati, au ukipanda kwenye foleni na kushuka kila unapokimbia, shuku themostati. Gari nyingi ndogo za Kijapani hazina mshale, zina taa ya bluu ya injini baridi. Ikichelewa sana kuzima, au ikirudi njiani, ni dalili ile ile. La uhakika zaidi ni kumwomba fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta akuonyeshe nyuzi joto za maji gari likiwa barabarani.

Kama fundi aliitoa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, tafuta kilichosababisha kuchemsha. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba kutu kwa kujazwa maji ya bomba miaka mingi, feni isiyowaka, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Weka themostati mpya na kuulanti, siyo maji matupu. Mimi nilipofanya hivyo tu, kabla ya kugusa kitu kingine, foleni ile ile ilinipa kilomita 11.

Oili nayo: injini hizi zimetengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. Ile nzito ya 20W-50 inayosifiwa kwamba "inashika injini" inaongeza mzigo tu kwenye injini nzima.

Matairi yapime asubuhi kabla hayajapata moto. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, lakini kwa gari la Japani kimeandikwa kwa kPa, wakati mashine za upepo mitaani zinasoma psi. 220 pale mlangoni ni 32 kwenye mashine. Baada ya safari, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki imeshika, nawe unatembea huku umefunga breki.

Filta ya hewa nitaisemea tofauti na wengi. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya injini za kisasa na kukuta kwamba filta chafu hupunguza nguvu ya kuchomoka, ila mafuta karibu hayabadiliki. Ibadilishe, maana vumbi linaua injini, lakini usitegemee muujiza kituoni. Zile chupa za dawa ya kumimina kwenye tangi na sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, ziache dukani.

Sasa mguu wako. Barabarani, adui mkubwa ni upepo, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 120, unakuwa zaidi ya mara mbili. Keria tupu juu ya paa inauongeza bure. Mjini, adui ni breki. Kila unapokanyaga breki unageuza kuwa joto mafuta uliyokwisha kuyalipia, kwa hiyo ukiona taa nyekundu mbele, toa mguu mapema, gari liende lenyewe.

Na tafadhali, acha kuweka gari free kwenye mteremko. Madereva wengi wanashuka Kitonga hivyo wakiamini wanabana mafuta. Kwenye injini ya kompyuta ni kinyume: gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka free, injini inahitaji petroli ili isizime, na breki zinabaki peke yake kukushikilia huku malori yakikufuata nyuma. Kwa otomatiki ya gia nne kama yangu, bonyeza kitufe cha O/D kabla ya kuanza kushuka ili injini ikushike. Ukifika chini, kibonyeze tena mpaka taa ya O/D OFF izime. Wengi hulisahau hilo na kwenda mpaka Morogoro bila gia ya nne, injini ikilia na mafuta yakiisha.