Maandishi ya Mlango wa Lori

SWALI: Nimenunua lori hapa Ohio, nami nitabeba shehena hadi majimbo mengine. Herufi za mlangoni ziwe kubwa kadiri gani?

JIBU: Ndugu yetu, kanuni ya serikali kuu ya Marekani, kifungu cha 390.21, yamwajibisha mchukuzi avukaye mipaka ya majimbo kudhihirisha, ubavuni kote kuwili, jina lake la kisheria au la biashara, lile lile aliloliandikisha, pamoja na nambari iliyotanguliwa na herufi USDOT. Ama kimo cha herufi, hakikutajwa, wajapong'ang'ania inchi 2 baadhi ya mafundi. Lililoshurutishwa ni kwamba rangi ihitilafiane dhahiri na ya mlango, na maandishi yasomeke mchana, gari limesimama, kwa umbali wa futi 50. Kibandiko chajuzu, ila usiache tope la theluji likifunike.